Mali Kauli na Neno Lisilo na Mwenyewe

Wafanyabiashara wa bara wana msemo wa maneno mawili ambao mimi, katika miaka yangu yote ya kufasiri, sijapata kuukuta umehamishwa salama katika lugha nyingine: mali kauli. Mwenye mzigo humkabidhi mchuuzi magunia yake bila ya kupokea hata senti moja, bila ya karatasi, bila ya wakili. Kinachobaki kwake ni kauli tu, ya kwamba mzigo ukiuzika fedha italetwa siku fulani. Mali imetoka, kauli imeingia, na kauli hiyo ndiyo rehani. Anayeivunja aghalabu hapelekwi mahakamani; hunyimwa mzigo, na soko zima hujua kwa nini. Hapo neno lina uzito wa gunia kwa sababu lina mwenyewe: fulani bin fulani amelisema, na fulani bin fulani ndiye atakayeulizwa.

Kwa kipimo hicho nataka kukipima Kiswahili cha matangazo ya biashara, kile kinachozaliwa ofisini kwa Kiingereza, kikafasiriwa kwa pupa, kisha kikamwagwa juu ya mabango, redioni na katika simu zetu usiku na mchana. Shutuma yangu si ile iliyozoeleka, kwamba kimejaa maneno ya kigeni. Shutuma yangu ni nzito zaidi: kwamba kimetuzoeza kauli isiyo na mwenyewe, na kwamba sisi wafasiri na washairi ndio tunaokodiwa kuiremba.

Nayaandika haya kutoka Kirumba, Mwanza. Msomaji wa Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa ana haki ya kuuliza mtu wa Kirumba ana nini cha kuwaambia watu wa mwambao kuhusu lugha waliyozaliwa nayo. Jibu langu ni soko. Hapa kwetu, Mwaloni, ndipo dagaa na samaki wakavu wa Ziwa Viktoria wanapokusanywa kutoka Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba na visiwa vinginevyo, na ndipo wanapopakiwa kwenda Dar es Salaam, Rwanda, Burundi na Kongo. Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya na Mkongomani hawana lugha nyingine ya kukubaliana bei ila Kiswahili. Yumkini upatanisho wao wa ngeli ungemkera mwalimu wa sarufi, lakini hakuna anayeondoka pale bila ya kujua amenunua nini, kwa kiasi gani, na kwa nani. Lugha pale haiulizwi lafudhi. Huulizwa jambo moja tu: je, tumeelewana?

Watu wa idara za masoko hupenda kusema kwamba Kiswahili ni kichanga katika mambo ya biashara, kwamba hakina maneno ya kuyabeba mawazo yao mapya. Dai hili linachekesha. Lugha hii imekulia forodhani. Bei, bidhaa, faida, hasara, rasilimali, dalali, hundi, bima, rehani, amana: yote yalikuwamo vinywani mwa watu kabla ya kampuni ya kwanza ya simu za mkononi kuzaliwa. Mengine yalikuja na Waarabu, mengine na Waajemi na Wahindi, na kila moja lilipofika lilipewa ngeli, likavikwa viambishi, likatiwa kazini. Kitambaa cha pamba kilipoletwa na merikebu kutoka Marekani katika karne ya 19, wazee hawakungoja mtu awafasirie jina la kiwanda. Walikiita merikani, nacho kikatembea kwa jina hilo kutoka Unguja hadi nchi za maziwa. Wajerumani walipotoa sarafu yao ndogo ya Heller mwaka 1904, watu waliitengeneza kwa ulimi wao ikawa hela, na hela imebaki zaidi ya miaka mia moja baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka. Hata huku sokoni kwetu, kopo la rangi ya Sadolin limegeuka kipimo cha mchele na dagaa, likaitwa sado, na hakuna baraza lililoketi kulipitisha.

Tena pwani ndiyo iliyoonyesha jinsi biashara na neno vinavyoweza kuoana bila ya mmoja kumla mwenziwe. Kanga huuzwa kwa jina lake, yaani kwa maneno yake, kama inavyouzwa kwa rangi. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Abdulla, husimuliwa kuwa ndiye aliyeanza kutia misemo ya Kiswahili katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20, na kwenye nguo zake palichapwa: Mali ya Abdulla. Itazame hekima ya mfanyabiashara huyo. Fumbo ni la mnunuzi, atalitumia apendavyo kwa jirani au kwa mume. Lakini dhamana ya nguo imebeba jina la aliyeiuza. Kauli ina mwenyewe.

Sasa tuyatie mizanini maneno ya leo.

“Furahia uzoefu wa kipekee,” husema tangazo. Kuzoea ni kurudia jambo hata likaondoka ugeni, na uzoefu ni tunda la kurudia huko. Kilicho cha kipekee hakijazoeleka, na kilichozoeleka si cha kipekee tena. Mfasiri amekutana na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, moja ikiwa ya ujuzi unaotokana na kazi ya miaka na nyingine ya hisia zinazompata mtu akitumia kitu, naye akachukua ile isiyohusika. Muuza kahawa wa baraza yoyote ya Mji Mkongwe asingepata taabu hiyo. Angesema: “Ionje.”

“Tunakupa suluhisho la kifedha.” Suluhu ni amani baina ya waliogombana. Basi mchuuzi aliyeishiwa mtaji amegombana na nani? Hajagombana na mtu. Anataka mkopo, na mkopo una jina lake tangu zamani za babu zetu. Neno suluhisho limewekwa pale ili neno deni lisitajwe.

“Ishi ndoto zako.” Hapa mfasiri hakujua kwamba lugha yake ilikwisha kutoa hukumu juu ya mfanyabiashara anayeishi ndotoni. Ndoto za Alinacha, twasema, tukimkumbuka yule wa hadithi za Alfu Lela Ulela aliyekaa mbele ya kapu lake la vyombo vya kioo, akaihesabu faida asiyoipata, mpaka akalipiga teke kapu na kuuvunja mtaji wote. Kumwambia mtu wa soko aishi ndoto zake ni kumtakia balaa kwa uso wa bashasha.

“Tunakuwezesha.” Kuweza nini? Kitenzi hicho kinadai kazi ifuatayo: kumwezesha mtu kusoma, kumwezesha kujenga. Tangazo limekoma njiani, nalo limekoma kusudi, maana ahadi isiyotaja kazi haiwezi kudaiwa.

Haya yangeishia kuwa vichekesho vya wafasiri lau kama yasingekuwa na jamaa zake wenye makucha. Chukua neno hadi. Hadi ni neno la mpaka: usivuke hapa. Lakini katika “jishindie hadi shilingi milioni kumi” mpaka umegeuzwa ahadi. Sikio la msikilizaji husikia milioni kumi, na hadi inabaki pale kama mlinzi wa kampuni, ili siku ya malalamiko iseme kwamba hata elfu mbili imo ndani ya mpaka huo. Chukua na neno jishindie lenyewe. Kushinda ni kazi ya mkono, ya mbio, ya akili. Kinachofanyika hapo ni kura, na kura ya namna hiyo Kiswahili kinaiita bahati nasibu, jina la kweli linalomwambia mtu kwamba nasibu ndiyo itakayoamua. Neno la kweli limefichwa uvunguni, na mahali pake pamewekwa kitenzi kinachompa mchezaji sifa ya ushujaa ambao hana pa kuufanyia.

Nafika sasa kwenye sentensi ambayo, nadhani, imesikika Tanzania kuliko ubeti wowote wa mshairi yeyote: “Vigezo na masharti kuzingatiwa.” Kampuni zimekuja na kubadilika. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Sentensi hiyo haikubadilika. Imedumu kuliko majina ya waliokuwa wakiitumia. Husomwa redioni mwishoni, kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, na huandikwa chini ya bango kwa herufi za chungu.

Itazame kwa jicho la fundi. Kitenzi cha Kiswahili kina ada yake: hubeba mtendaji mlangoni. Nitalipa, utalipa, atalipa, tutalipa. Silabi ya kwanza tu inatosha kujua nani ana mzigo. Tangazo lote, tangu neno lake la kwanza, linaiheshimu ada hiyo kwa ukarimu mkubwa: wewe jiunge, wewe furahia, wewe jishindie, sisi tunakujali. Ghafla, linapofika mahali pa wajibu, mtendaji anatoweka. Kuzingatiwa. Na nani? Lini? Vigezo vipi? Masharti ya nani juu ya nani? Kitenzi kimevuliwa mtendaji, kimevuliwa wakati, kikatiwa katika kauli ya kutendwa. Kushinda ni kwako. Kulipa si kwa mtu. Katika sarufi nzima ya Kiswahili hakuna pango jingine la kujifichia lenye kina kama hilo, na mfasiri ndiye aliyelichimba.

Najua nitaambiwa kwamba Kiingereza chake nacho ni hivyo hivyo. Ni kweli, na hapo ndipo penye siri. Kiingereza cha idara za masoko si Kiingereza cha Shakespeare wala cha muuza samaki wa London. Ni lugha ya tatu, iliyotengenezwa ili iseme bila ya kusema. Kuifasiri kwa uaminifu ni kama kuupepeta mchele: pumba huruka, na mara nyingine ungo hubaki mtupu. Mfasiri mwaminifu akikuta ungo mtupu hana budi kusema ni mtupu. Wengi wetu tunaujaza kwa pumba za nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita wakala mmoja wa matangazo, ambaye sitamtaja, alinipa karatasi ya kufasiri inayohusu mikopo midogo midogo. Mstari wake wa mwisho, baada ya kuuvua mapambo, ulikuwa na maana mbili tu, nami nikaziandika: “Ukichelewa kulipa tutakutoza zaidi, na tutawapigia simu watu uliotupa namba zao.” Nikaitwa. Nikaambiwa kwamba maneno hayo yatawatisha wateja. Nikauliza Kiingereza chake kinasemaje. Nikajibiwa kwamba kinasema hayo hayo, lakini kwa Kiingereza hayasikiki. Karatasi ikachapwa kwa kalamu ya mtu mwingine, na pale penye mstari wangu pakakaa vigezo na masharti. Sijapata kusikia maelezo ya kazi ya tafsiri yaliyo wazi kuliko jibu lile: kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hayasikiki hata kwa Kiswahili.

Nani anaumia? Mfikirie mchuuzi wa dagaa, mwanamke, kama walivyo wengi wao. Mtaji wake ni mdogo, na kalenda yake si ya ukutani. Ni ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Zinapokuja siku za mbalamwezi taa haina nguvu ya kumvuta samaki, mitumbwi hupumzika, na mwalo hunyamaza. Kisha kuna mvua, maana dagaa hukaushwa juani, na mvua ya siku mbili huweza kuozesha alichokitandaza. Mtu huyu akiambiwa kwa maneno ya soko, “ukichukua elfu hamsini leo utarudisha kiasi hiki baada ya siku kumi na nne, na siku ya kumi na tano utaongezewa kiasi hiki,” atatazama juu, atauhesabu mwezi, na atajua kama siku ya kumi na nne itamkuta na dagaa au itamkuta na mbalamwezi. Hesabu hiyo anaiweza kuliko afisa yeyote wa mikopo. Lakini hakuambiwa hivyo. Ameambiwa kwamba suluhisho lipo kiganjani mwake, na kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa. Amenyimwa si fedha. Amenyimwa maneno ya kufanyia hesabu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na tangazo limemfasiria harusi peke yake.

Na hapo ndipo soko lilipofanya kazi ya tafsiri tuliyoikimbia sisi. Watu wenyewe wameitazama mikopo hiyo yenye majina ya kubembeleza, wakaipa jina lao: kausha damu. Hakuna kamati iliyoketi, hakuna kamusi iliyofunguliwa. Maneno mawili, nayo yanataja kitendo na yanataja kinachotendwa. Jina hilo limepenya mpaka magazetini na bungeni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila ya leseni; lakini msamiati wa kuwaonya watu ulikwisha kutangulia vibarazani. Ukitaka kumjua mfasiri bora wa istilahi za fedha katika nchi hii, usimtafute chuoni. Yumo katika foleni ya wadaiwa.

Hapa sina budi kuachana na baadhi ya rafiki zangu, wale wanaohesabu maneno ya Kiingereza katika tangazo kama mtu anayechambua mawe katika mchele, na wakiona hayamo huridhika kwamba Kiswahili kimetukuzwa. BAKITA, tangu kuundwa kwake mwaka 1967, na BAKIZA huko Zanzibar, wamefanya kazi kubwa ya kutupatia istilahi, nami nimejifunza mengi kwao, mimi ambaye sikupata mwalimu wa darasani wa kazi hii. Lakini usafi wa neno si uaminifu wa kauli. Tazama neno kifurushi, ambalo limeshika mahali pa bando. Ni neno zuri, la nyumbani, lenye kitambaa na fundo ndani yake. Lakini furushi, kwa mtu wa soko, ni kile ulichokifunga mwenyewe na utakachokikuta ulipokiacha. Halipungui kwa kuwa saa sita ya usiku imepita. Kifurushi cha simu aghalabu hufa na muda wake, kimetumika au hakikutumika. Neno safi limeazimwa ili heshima yake ikisitiri kitu ambacho halikukizaa. Mwezi Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, kilio cha watu kilikuwa kikubwa hata bei hizo zikasitishwa. Hakuna aliyelia kwa sababu neno lilikuwa la kigeni. Mimi nalipenda bando lenye ukweli kuliko kifurushi chenye hila. Hela nayo ilikuwa ya kigeni, na haikumdanganya mtu: hela mia zilikuwa rupia moja.

Wala maradhi haya si yetu peke yetu. Wajerumani, walioiacha hela kwetu, walikumbwa nayo kwa sura nyingine: kampuni zao ziliona ni fahari kutangaza kwa Kiingereza bila ya kufasiri kabisa. Mwaka 2003 kampuni ya Endmark ya mji wa Köln iliwauliza watu maana ya kauli kadhaa za namna hiyo. Duka la manukato la Douglas lilikuwa na kauli ya Kiingereza iliyokusudia kusema “ingia uvumbue.” Miongoni mwa walioulizwa walikuwamo walioielewa kuwa ni “ingia, kisha utafute njia ya kutokea.” Baadaye duka hilo lilirudi kwenye Kijerumani. Ajabu ni kwamba Mjerumani asiyeelewa alijua kwamba hakuelewa. Sisi tumefanyiwa jambo la hatari zaidi, kwa kuwa maneno ni yetu, sauti ni yetu, na hivyo tunadhani tumeelewa. Pazia la kigeni huonekana kuwa ni pazia. Pazia la Kiswahili hudhaniwa kuwa ni ukuta wa nyumba.

Nikiambiwa kwamba lugha ya wazi haiuzi, najibu kwa mfano wa hao hao wenye simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, kabla ya kufika Tanzania mwaka 2008, kauli yake haikuwa na suluhisho wala uzoefu. Ilimwambia mtu atume pesa nyumbani, basi. Kitendo kimo, kitu kimo, mahali pamo. Bibi wa kijijini aliifahamu siku ile ile, na huduma ikaenea kama moto wa nyasi kavu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na tangazo likianza kutembea kwa maneno ya kuzungukazunguka, mnunuzi ana haki ya kuuliza linakificha nini kikapuni.

Na nikiambiwa kwamba mfasiri hana mamlaka ya kuchagua, kwamba kazi yake ni kufuata asili, namtaja Mwalimu Nyerere. Tamthilia ya Shakespeare inayomtaja mfanyabiashara wa Venisi aliitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika mfanyabiashara, mchuuzi au tajiri. Alichagua mabepari, tena kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kila aliyekishika kitabu hicho alijua mfasiri amesimama wapi. Unaweza kubishana na uchaguzi huo, wapo waliobishana. Lakini huwezi kusema hauna mwenyewe. Jina lake liko juu ya jalada, nawe unajua wa kumuuliza.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Husemwa kwamba tangazo si mkataba. Masharti yapo kwa ukamilifu wake mahali pengine, na mwenye haja atayasoma. Hoja hii ina nguvu katika nchi ambayo neno la mdomo ni porojo mpaka liandikwe. Hapa kwetu, ambako mzigo wa malori huondoka kwa mali kauli, neno lililosemwa hadharani ndilo mkataba, na watu hulichukua hivyo kwa imani njema. Anayekuja kufanya biashara ndani ya ada hiyo, akaichuma faida ya imani yetu, kisha akajificha nyuma ya karatasi iliyo mahali pengine, amekula pande zote mbili. Sheria yenyewe haiko upande wake: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Na Wakala wa Vipimo hupita sokoni kukagua mizani zetu, na lumbesa, gunia lililofungwa kupita kipimo, limepigwa marufuku. Kwa nini mizani ya chuma ikaguliwe na mizani ya maneno iachwe ichezewe?

Ninayoyataka si mengi. Kwanza, kila sentensi ya tangazo inayomwahidi mtu kitu iandamane na sentensi inayomwambia atalipa nini, kwa herufi za ukubwa ule ule, kwa kasi ile ile ya msomaji wa redio, na kwa kitenzi chenye mtendaji. Badala ya “masharti kuzingatiwa,” isemwe “utalipa,” “tutakata,” “tutasitisha.” Pili, tafsiri ya tangazo iwe na jina la mfasiri, kama ilivyo tafsiri ya kitabu; nasadiki nusu ya maneno haya yatakufa siku ambayo mtu atatakiwa kuyatilia sahihi. Tatu, mabaraza yetu mawili ya Kiswahili, kila ifikapo tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, yasiridhike na kampuni zinazotoa pongezi. Yaulize kampuni hizo zimewaeleza nini wadaiwa wao kwa lugha hiyo wanayoipongeza.

La nne nalielekeza kwenu, washairi wenzangu, maana jarida hili ni lenu. Muyaka bin Haji wa Mombasa husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Aliupeleka ukiwa huru, ukacheka na kusuta na kudai. Leo soko linauita tena, nalo linalipa vizuri: wanataka vina, wanataka wimbo wa nusu dakika, wanataka methali igeuzwe kidogo ili ibebe jina la bidhaa. Sisemi mtu asile kwa kalamu yake. Njaa haina tahakiki. Nasema hivi: ukiombwa vina vya kuusifu unga, usifu, kama unga ni mzuri. Ukiombwa vina vya kulifunika deni, kataa. Mizani tuliyorithishwa ni ya kupimia silabi, na jina lake halikupewa ovyo. Ni jina la chombo cha haki, kile kile kinachoning'inia Mwaloni juu ya gunia la dagaa, ambacho muuzaji na mnunuzi hukitazama pamoja kabla ya kupeana mkono.

Nami nisiwe wa kudai kwa wengine neno lenye mwenyewe ilhali langu nimeliacha bila ya sahihi. Huu hapa ubeti wangu, na atakayeutaka kwa tangazo lake nampa bure, mradi asiubadili:

Muuzaji toa neno, nalo liwe na mwenyewe,
Usifiche mapatano, mnunuzi aelewe,
Deni kama lina meno, mdeni aonyeshewe,
Soko ni maelewano, si kifaranga na mwewe.